Bima ya kadi waliyoniuzia katikati ya wateja: nyota mbili

Nimewapa nyota mbili kati ya tano, na afadhali niseme mapema ni za nani. Moja ni ya kadi yenyewe, maana haijawahi kuniaibisha mbele ya muuza majora kule Deira. Ya pili ni ya msichana mmoja wa kitengo cha malalamiko, ambaye sauti yake naijua na sura siijui. Kwa habari ya bima, benki yenyewe haina chake hapa.

Jina la benki silitaji, kwa hiari yangu. Wanaonijua wameshaiona kadi ninayobeba na rangi yake.

Mimi nashona na kuuza madera na mabuibui Mtaa wa Biashara, Mombasa. Duka langu ni la upana wa mlango mmoja na nusu: vyerehani viwili nyuma, mimi na msaidizi mmoja, na feni inayofanya kazi ikijisikia. Kila baada ya miezi minne au mitano naenda Dubai kuleta vitambaa, na ndiyo sababu nilichukua kadi ya mkopo. Kubeba pesa taslimu kwenye pochi ya kiunoni nilichoka.

Kadi yenyewe niliiombea tawini, lakini saini walikuja kuichukua dukani. Siku hiyo ilikuwa Aprili 26, 2022, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Aliyewahi kupita Mtaa wa Biashara siku hizo, jioni, kabla ya futari, hahitaji kuelezwa. Asiyewahi na afikirie mji mzima umekumbuka leo kwamba Idi inakuja. Nilikuwa nampima mama mmoja mabega, mtoto wake amejifunika dera lenye bei bado, msaidizi wangu yuko juu ya ngazi anashusha rangi ya zambarau ambayo mteja mwingine ameshabadili mawazo haitaki. Ndipo akaingia kijana, fulana ya benki, kitambulisho shingoni, tableti mkononi.

"Mama, ni dakika mbili tu. Kadi ishakubaliwa, twataka saini."

Akauliza jina, nambari ya kitambulisho, kazi. Nikamwambia, kazi si hii unaiona? Akacheka, akaandika. Halafu akateleza kidole kwenye kioo, akasema, "Na hii ni kinga ya kadi, Mama. Ukiugua, ukishindwa kufanya kazi, deni lako linalipiwa." Hakutaja bei. Hakusema kama naweza kukataa. Nikatia saini kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa na chaki ya kukatia nguo, hata akalazimika kufuta kioo kwa mkono wa fulana.

Kinga hiyo ni shilingi 690 kila mwezi. Nililijua hilo baada ya miaka miwili na nusu.

Najua mtakachosema. Stetimenti zilikuwa zinakuja, kwa nini hukusoma? Hapo kosa ni langu na silikatai. Nilikuwa nikitazama jumla ya chini na tarehe ya mwisho ya kulipa, basi. Mstari wenyewe uliandikwa kwa herufi tatu za kifupi na nambari ndefu nyuma yake, nami nikadhani ni ada ya kadi. Lakini kutosoma stetimenti ni jambo moja na kuuziwa kitu kisichokufaa ni jingine, na benki ilijaribu sana kuyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja.

Oktoba 2024 niliteleza Marikiti. Hakuna kisa kikubwa, ni maji na majani ya mchicha sakafuni, nami nimeshika kikapu mkono wa kushoto. Nikajikinga kwa wa kulia, mfupa wa kifundo ukavunjika. Plasta wiki saba. Kwa mshonaji, mkono wa kulia ndio duka. Msaidizi wangu anajua kupiga cherehani lakini hajafika kwenye kukata, na kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi. Tukawa twauza vilivyokwisha kushonwa tu, huku deni la kadi likiwa elfu 84 kutoka safari ya Agosti.

Mwanangu ndiye aliyekuwa akinilipia kwa simu siku hizo, naye akaigundua ile herufi tatu. "Mama, wewe una bima hapa!" Wallahi nilimwombea dua yule kijana wa tableti. Nikasema, kumbe siku ile alinifanyia hisani nami sikumpa hata tende ya kufuturu.

Dua ilidumu siku nne.

Nilipokwenda tawini kudai, nilipewa orodha ya karatasi. Fomu ya daktari, sawa. Picha ya eksirei, sawa. Nakala ya kitambulisho, sawa. Ya nne: barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba umeshindwa kufika kazini. Nikamwambia mhudumu kwamba mwajiri ni mimi. Akatazama kioo chake, akasema mfumo hauendi mbele bila barua hiyo. Mpole, simlaumu, lakini hakuwa na neno jingine.

Nikarudi dukani nikaandika barua. Nilimwambia mwanangu achape: mimi, mwenye duka, nathibitisha kwamba mimi, fundi, nimevunjika mkono na siwezi kufanya kazi niliyojiajiri. Saini ya mkono wa kushoto, kama kuku amepita. Nikajipigia muhuri wa duka. Msaidizi wangu alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nimejipa likizo ya malipo au ya bure.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kwa barua pepe, sentensi nne. Dai limekataliwa kwa kuwa mwenye bima si mwajiriwa wa kudumu, na barua iliyoletwa haikutoka kwa mwajiri anayetambulika. Rejea masharti, ukurasa wa 9.

Hapa ndipo nilipopoteza muda, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Nilianza kugombana na kukataliwa kwenyewe. Nilipiga simu kampuni ya bima, nikaeleza mkono, nikaeleza duka, nikatuma picha ya plasta. Kampuni ya bima ikaniambia mauzo ni ya benki. Benki ikaniambia madai ni ya kampuni ya bima. Mara mbili nilikaa foleni ile, tiketi mkononi, baridi ya eyakondishoni mpaka kwenye mfupa uliovunjika, kuambiwa niende kwa wale niliotoka kwao.

Binamu yangu ni karani wa wakili, ofisi zao si mbali na mahakama. Alikuja kunijulia hali, nikampa karatasi zote azisome huku anakula viazi karai. Akasoma ukurasa wa 9, akafuta vidole, akaniambia: "Dada, wewe wabisha mlango usio wako. Hawa wa bima wamefuata karatasi yao, na karatasi yasema wazi: mwajiriwa tu. Ukiwashitaki watashinda. Muulize aliyekuuzia kwa nini alimuuzia fundi mwenye duka bima ya waajiriwa."

Nikahisi nimemwagiwa maji. Wiki tano nilikuwa nikisema bima ile ni yangu na nilipwe, kumbe nilichopaswa kusema ni kwamba haikuwahi kuwa yangu hata siku moja. Tangu Mei 2022 nilikuwa nikilipia mwavuli ambao hauwezi kufunguka mkononi mwangu, mvua inyeshe isinyeshe. Nilikuwa nimelishwa kasa. Basi dai likageuka: sitaki mnilipie deni, nataka mnirudishie malipo yote ya bima, miezi 31, shilingi 21,390, na riba mliyoitoza juu yake. Siku hiyo hiyo nikaandika bima isimamishwe, nikaomba nijibiwe kwa maandishi kwamba imesimama.

Nilipomwambia mtoto wa dada yangu aliyeko Leicester, akapiga kelele kwenye simu. Kumbe kwao jambo hili ni la zamani. Benki za Uingereza ziliwauzia watu bima ya kulipia mikopo na kadi kwa miaka, wakiwemo watu waliojiajiri, wastaafu na wagonjwa, ambao wasingeweza kudai chochote. Benki zilikwenda mahakamani kupinga mwaka 2011, zikashindwa, na mpaka dirisha la madai lilipofungwa Agosti 29, 2019 na hesabu zikapigwa, zilikuwa zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Kulikuwa na nyingine tena, ya kinga ya kadi kuibwa. Mtu akipiga simu kuiwasha kadi yake mpya, anaunganishwa na muuzaji, anauziwa kinga ya hasara ambayo kwa sehemu kubwa benki ilikuwa inabeba yenyewe tayari. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba wateja wapatao milioni 7 wangeweza kurudishiwa, mpaka pauni bilioni 1.3. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Akanitumia barua yake ya wakati ule niinakili. Ilikuwa nzuri, imenyooka, na kwangu haikufaa hata kufungia bajia. Kwao benki ina wiki nane kutoa jibu la mwisho, na usiporidhika unakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha ambaye uamuzi wake, ukiukubali wewe, unaibana benki. Sisi hatuna ofisi ya namna hiyo. Mtu akikutumia barua ya Ulaya uibandike kwa meneja wa Barabara ya Digo, mshukuru kwa heshima na uandike yako. Nilichochukua kwake ni swali moja tu: je, walijua kazi yako walipokuuzia?

Walijua. Tatizo lilikuwa kuthibitisha.

Nikaomba nakala ya fomu yangu. Tawini wakaniambia fomu ya tableti haina nakala, iko kwenye mfumo. Binamu akanifundisha kutaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizoko kwa mwingine. Sikutia ukali. Niliandika mistari mitano: naomba fomu ya maombi, naomba saa na tarehe ya kila hatua, naomba nakala ya chochote nilichotumiwa kuhusu bima. Nikapeleka kwa mkono tawini, nikataka muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Mhudumu alisita kuhusu muhuri. Nikamwambia nitakaa, leo sina mkono wa kushonea. Akapiga.

Na hapo ndipo msichana wa malalamiko alipoingia. Alinipigia siku ya sita, akaniita Mama, akanipa pole ya mkono kabla ya kusema lolote, akasema fomu ameipata na ananitumia yote, si ukurasa wa saini peke yake. Angeweza kunitumia ukurasa wa saini tu. Nyota yake ni ya hilo.

Fomu nimeisoma mara nyingi kuliko barua ya posa. Ukurasa wa kwanza, mbele ya neno kazi: amejiajiri, fundi na muuza nguo. Ukurasa wa tatu, kisanduku cha bima kina tiki, na chini yake kwa maandishi madogo kwamba mteja amethibitisha anatimiza masharti ya ajira. Karatasi ile ile, mkono ule ule, ukurasa mmoja kati yao. Na pembeni mfumo umeandika saa: fomu imefunguliwa 16:41, saini 16:47. Dakika sita. Masharti ya bima peke yake ni kurasa 14. Hata hafidhi mwenye macho ya mwewe hangezimaliza kurasa hizo kwa dakika sita, achilia mbali mimi niliyekuwa na futi ya kupimia shingoni na mama wa watu anangoja mabega yake.

Kuhusu nilichotumiwa: ujumbe mmoja wa kunikaribisha, wenye kiungo. Mwanangu alikibonyeza. Hakifunguki.

Barua yangu ya malalamiko niliiandika kwa Kiswahili na mwanangu akaitia kwa Kiingereza pembeni, zikaenda zote mbili. Nilieleza kwamba sibishani kuhusu uamuzi wa kampuni ya bima. Nikaeleza kwamba mlijua kazi yangu saa kumi na dakika arobaini na moja na mkaniuzia bima ya waajiriwa kabla ya saa kumi na dakika arobaini na nane. Nikataja Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidi alichonunua, na fidia kikiwa na kasoro. Nikataja Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Nikataja kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010, maana hicho kinazitaja benki na bima kwa majina: ada yoyote, iitwe itakavyoitwa, mteja aijue kabla hajatozwa. Binamu alitaka niongeze vingine saba. Nikamwambia hii ni barua, si hirizi.

Benki ikakataa. Januari 2025, ukurasa mmoja na nusu safari hii, na nataka niwe mkweli kuhusu hoja zao kwa sababu moja ilinitikisa.

Ya kwanza, umetia saini. Hiyo nilishaitarajia. Ya pili, masharti ulitumiwa. Hiyo kiungo kilichokufa kiliijibu. Ya tatu ilisema: bima hii pia hulipa deni lote mteja akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na kwa miezi 31 ulikuwa umekingwa, kwa hiyo umepata huduma uliyolipia.

Hapo walinishika. Kweli, ningekufa wangelilipa deni, na watoto wangu wasingeulizwa. Nilikaa na barua ile siku mbili. Mwanangu akasema hiyo ni hila tu, lakini si hila, ni kweli nusu, na kweli nusu ndiyo ngumu kujibu. Mwishowe nikawaandikia maswali mawili. Je, mnayo bima ya kifo na ulemavu peke yake, bila hiyo ya ajira, na bei yake ni ngapi? Na yule kijana angeniambia siku ile, "Mama, hii itakufaa ukifa tu," mnadhani ningetia kidole? Swali la pili hawakulijibu. La kwanza walilijibu bila kujua uzito wake: bidhaa hiyo haiuzwi kwa sehemu. Basi mmeniuzia kanzu na koti kwa bei moja, na koti ni la mtu mwingine.

Wakanipa shilingi 8,280, malipo ya miezi 12, "kwa nia njema". Nikakataa. Sikuona kwa nini miezi 12 iwe na nia njema na 19 iliyobaki isiwe nayo.

Februari nikapeleka nakala za kila kitu Benki Kuu, tawi la hapa Mombasa Barabara ya Nkrumah, kwa kuwa ndio wasimamizi wa benki na wana mwongozo wa kuwalinda wateja unaotumika tangu 2013. Nakala nyingine kwa barua pepe kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile ya IRA, maana benki ikiuza bima inauza kwa leseni ya huko. Kwenye barua ya benki nikaongeza mstari mmoja wa mwisho: nisipopata jibu kwa siku 21 nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo iko kwa sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hulazimiki kuwa na wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi. Sikuwa natisha. Binamu alishanijazia karatasi, zilikuwa kwenye droo ya vifungo.

Nani alisukuma nani sikuambiwa, wala sikuuliza. Wiki ya tatu simu ikalia, sauti ile ile. "Mama, mkono waendeleaje?" Benki imekubali kurudisha zote 21,390.

Nikamuuliza, na riba? Akanyamaza kidogo. Kadi yangu hutoza asilimia 3.5 kwa mwezi kwa deni lililobaki, na ile 690 ilikuwa ikiingia ndani ya deni kila mwezi. Miezi niliyolipa yote haikuzaa kitu. Miezi niliyobakisha, kama baada ya kila safari, ilizaa. Mimi na mwanangu tulikuwa tumeipiga hesabu kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mtu na kifua cha mtu, ikaja 5,870. Nikamtumia picha ya ukurasa. Akasema atauliza. Wakarudi na 4,000.

Nikakubali. Kuna watakaosema ningeng'ang'ania ile 1,870, na binamu ni wa kwanza wao. Lakini ilikuwa Ramadhani tena, majora yamefika, mkono ndio kwanza umezoea mkasi, nami nilishahesabu ni siku ngapi za kazi zimekwenda kwenye foleni. Karatasi ya makubaliano ilikuwa na mstari unaonitaka nisiseme haya kwa mtu. Nikaomba ufutwe kabla sijatia saini, ukafutwa bila ubishi, jambo linalonifanya nidhani wengi hutia saini nao ukiwamo. Machi 19, 2025 pesa ziliingia: 25,390.

Sasa, kwa anayetaka kujua kuhusu benki yenyewe, maana hii ni tathmini ya huduma na si kilio changu tu. Kadi inakubalika vizuri nje. Programu ya simu si mbaya, ila kutafuta masharti ya kitu chochote ndani yake ni kama kutafuta sindano mchangani Bamburi. Tawi ni safi na askari wa mlangoni ana adabu. Wahudumu wa kaunta hawana mamlaka ya chochote, kwa hiyo ukiwafokea unamfokea mtu asiyeweza kukusaidia. Andika, peleka kwa mkono, ngoja muhuri. Na ukiwa umejiajiri, uwe wauza samaki Kongowea au waendesha tuktuk, tazama fomu yako ya kadi mahali palipoandikwa kazi, kisha tazama kama chini yake kuna kisanduku cha bima chenye tiki. Kama vyote viwili vipo, usianze kwa kampuni ya bima kama nilivyoanza mimi.

Bima niliinunua baadaye, ya ajali, kwa wakala wa mtaani kwetu aliyekaa kitako dukani nusu saa akinisomea. Hiyo sijaitumia, kwa hiyo siitolei nyota.

Kadi bado ninayo. Stetimenti ya Aprili imekuja juzi, nami siku hizi nazipitia na biro nyekundu, mstari kwa mstari, kabla ya kufungua duka. Herufi tatu hazipo tena. Kuna mstari mwingine mpya, shilingi 50, nao umeandikwa kwa herufi nne. Nimewaandikia asubuhi hii kuuliza ni nini.